Simbilisi wangu hakuwa mchaguzi, alikuwa hajui tu

Wiki ya kwanza na Karanga nilitupa mboga nyingi kuliko nilizopika. Alikuwa na umri wa wiki sita, gramu 310 kwenye mizani ya jikoni, na jina alilipata kwa rangi yake ya maganda ya karanga. Alikotoka alilishwa nyasi kavu na peleti, ule mlo mkavu uliosagwa na kubanwa vidonge, basi. Mimi nikajiandaa kama anayepokea mgeni wa heshima: sahani moja ina saladi, hoho nyekundu, karoti, tango, giligilani na brokoli. Nikaisukuma kizimbani, nikakaa pembeni nimtazame akifurahi.

Alikuja taratibu, shingo mbele, miguu ya nyuma imebaki palepale kwa mtindo wa mtu aliye tayari kutimua mbio. Masharubu yakagusa ukingo wa hoho. Akaruka nyuma, akajitosa kibandani mwake na hakutoa pua mpaka nilipoiondoa sahani. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya nne nilishaanza kumwita mchaguzi na mdekaji.

Nilikuwa namsingizia. Mchaguzi anakijua chakula, ila hakitaki. Karanga hakujua kama kile ni chakula. Simbilisi huzaliwa karibu amekamilika: ana manyoya, macho yako wazi, meno yapo. Ndani ya siku moja au mbili anaanza kutafunatafuna anachokiona mama yake akitafuna, ingawa ataendelea kunyonya kwa wiki tatu hivi. Hapo ndipo anapojifunza kipi kinalika na kipi hakiliki. Ambacho hakukikuta siku zile, kwake ni kitu tu, sawa na wewe kuandaliwa sponji ya kuoshea vyombo. Akili hiyo haifungi kabisa, lakini inazidi kuwa ngumu kadiri anavyokua. Kwa hiyo kama wako bado mchanga, usingoje azoee nyumba kwa miezi mitatu ndipo uanze mboga. Mpe siku mbili tatu atulie, kisha anza.

Wengine huuliza kwani kuna ulazima gani, si anakula nyasi? Nyasi ndiyo msingi, hilo halina ubishi. Lakini mwili wa simbilisi, kama wetu sisi, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Akiikosa kwa wiki kadhaa anapata kiseyeye: manyoya yanakuwa makavu, viungo vinavimba, kutembea kunamuuma, fizi zinatoka damu. Anahitaji kama miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na wanaokua wako upande wa juu wa hesabu hiyo. Kwa Karanga wa gramu 310 hiyo ni kama miligramu 9. Hoho nyekundu ina zaidi ya miligramu 100 katika gramu 100, maana yake kipande cha gramu 10, ukubwa wa vidole viwili vyembamba, kinamtosha siku nzima. Ndiyo maana niliing'ang'ania hoho kuliko mboga nyingine yoyote. Peleti nzuri huongezewa vitamini hiyo, ila inapungua kadiri mfuko unavyokaa. Matone ya kutia kwenye maji mimi siyataki: mwanga unaiharibu vitamini upesi, na maji yakibadilika ladha mnyama anaweza kuacha kunywa. Hapo umetoka na tatizo moja umerudi na mawili.

Sasa nieleze kosa langu, maana najua wengi watashawishika kulifanya. Siku ya sita nilikasirika. Nikasema njaa itamfundisha. Jioni nikatoa nyasi zote, nikamwachia maji na mboga. Asubuhi mboga zilikuwa zimenyauka vilevile, na Karanga amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, vinyesi chini vinahesabika. Nilirudisha nyasi mikono ikitetemeka. Bahati yangu alizivamia papo hapo. Utumbo wa simbilisi unataka kusukumwa na nyuzinyuzi usiku na mchana. Chakula kikikatika, mwendo unapungua, gesi inajaa, na hawezi hata kutapika. Simbilisi asiyekula kwa nusu siku ni wa kupelekwa kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo. Kwa hiyo nyasi kavu ziwepo saa zote, bila kipimo. Mboga isigeuzwe adhabu.

Baada ya hapo nilipunguza makeke. Mboga moja tu, saa ileile, kila siku kwa wiki nzima, ale asile. Nilianza na majani, kwa sababu jani linafanana na nyasi kuliko mduara wa karoti unavyofanana na chochote alichowahi kukiona. Saladi yenye majani marefu ya kijani niliichana nyuzi nyembamba nikazichanganya ndani ya rundo la nyasi analolipenda. Si lile kabichi-saladi jeupe la duara, ambalo karibu lote ni maji. Siku mbili za kwanza alizipekua kando kwa pua kama anayechambua mchele. Siku ya tatu uzi mmoja ulikuwa umekwama kwenye jani la nyasi, ukaingia mdomoni kwa bahati mbaya. Akasimama. Taya zikatulia kidogo, kisha zikaendelea. Akarudi kutafuta mwingine.

Nisikudanganye kwamba zilizobaki zilifuata kwa foleni. Giligilani aliikubali haraka, nadhani kwa harufu. Karoti iligoma mpaka nilipoikwaruza ikawa nyuzi. Brokoli alikataa maua, akala shina. Hapo ndipo nilipogundua kwamba umbo ni nusu ya shughuli. Mboga iliyokataliwa ikiwa kipande kinene, ikate vijiti. Iliyokataliwa ikiwa vijiti, ikwaruze. Ikitoka kwenye friji, iache kwanza ipoteze ubaridi. Ioshe, na umpe ikiwa na unyevu kidogo. Mbichi tu, asilani usipike. Ambayo haijaliwa iondoe baada ya saa chache kabla haijachacha, na kesho ilete tena kana kwamba hapakutokea kitu. Kuna mboga niliyoileta zaidi ya mara kumi kabla haijaonjwa.

Jambo la mkono nalo. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, ila kwa simbilisi mchanga hata mkono uliojaa una zamu yake ya kuogopwa. Nilipomshikia kipande mbele ya pua alikuwa anaukimbia mkono, na mboga ikalaumiwa bure. Nikawa naweka karibu na mlango wa kibanda chake na kuondoka. Siku hizi yeye ndiye anayeniita. Akisikia kisu kwenye ubao wa kukatia anapiga ule mluzi wake wa wiik wiik mpaka chumba cha tatu wanasikia.

Lakini mwalimu wake wa kweli hakuwa mimi. Nina simbilisi mwingine jike, mtu mzima, tunamwita Shangazi. Mgeni nilimtenga wiki mbili kwanza kuhakikisha hana ugonjwa, kisha nikaviweka vizimba viwili vikitazamana, waya katikati. Shangazi hana adabu ya mezani. Hoho anaipokea kwa meno yote, juisi inamchirizika kidevuni. Karanga alikuja mpaka kwenye waya akasimama, pua inacheza, akitazama na kusikiliza ule mtafuno. Nilipowaunganisha baada ya siku kadhaa, hakwenda kwenye sahani yake iliyokuwa na hoho ileile. Alikwenda moja kwa moja mdomoni kwa Shangazi, akang'ata ncha ya kipande iliyokuwa inaning'inia, akavuta. Shangazi akavuta. Kikakatika. Karanga akakimbia na kichake hadi kona, akakimaliza hapo huku amegeukia ukuta. Wiki mbili zangu za kubembeleza, Shangazi alizimaliza kwa dakika moja. Simbilisi ni wanyama wa kuishi pamoja hata hivyo, kwa hiyo kama umepanga kuwa na wawili, usichelewe. Kama unaye mmoja kwa sasa, kaa karibu naye utafune hoho yako kwa kelele. Nilijaribu hilo pia. Sina uhakika lilimsaidia yeye, lakini mimi nilikula mboga zaidi.

Akishafunguka, hatari inageuka: utataka kumpa kila kitu. Tumbo changa linaharisha upesi, na kuharisha kwa mdogo hivi si jambo la kusubiri. Mboga mpya anza na kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, halafu angalia vinyesi kesho yake. Vikiwa vigumu na vya umbo lilelile, ongeza kidogo. Vikilainika, rudi kwenye nyasi na alizokwisha zizoea. Ukimwona anainama kula kinyesi laini moja kwa moja kutoka nyuma yake usishtuke wala usimzuie, ndivyo anavyopata virutubisho kwa mara ya pili. Akiwa mtu mzima, kikombe kimoja cha mboga mchanganyiko kwa siku kinamtosha.

Spinachi na sukuma wiki nampa mara chache kwa wiki, si kila siku, maana madini yake yakizidi yanaweza kuchangia mawe kwenye kibofu. Lusini, majani ya malisho yenye kalsiamu nyingi, inamfaa angali anakua. Akifikisha miezi sita hivi namhamishia nyasi za kawaida tu. Karoti na matunda ni sukari, kwa hiyo ni vionjo. Vitunguu vya aina yoyote, viazi, parachichi, maharage mabichi na majani ya mnyanya havikanyagi kizimbani kwangu.

Kila Jumamosi nampandisha kwenye mizani ya jikoni ndani ya bakuli. Simbilisi ni fundi wa kuficha ugonjwa, mizani haifichi. Mdogo anapaswa kupanda kila wiki. Akisimama au kushuka, najua kuna kitu kabla sijaona dalili nyingine, na wakati mwingine tatizo la mboga ni meno na si ubishi: yanaota maisha yake yote, yakipinda hawezi kutafuna hata anachokipenda.

Karanga sasa ana miezi mitano na anakula aina tisa. Nyanya anaila akianzia kwenye mbegu. Tango ndilo tunalobishania bado: anabandua ganda la kijani kwa ustadi wa fundi cherehani, analila lote, halafu nyama yake nyeupe anaisukuma kwa pua hadi upande wa Shangazi.