Redio ya ridhaa Kenya: pa kuanzia

Ndugu, umeuliza kama chama cha redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu na si kwa biashara, kinamfaa mtu ambaye bado hana leseni ya kurusha mawimbi. Kinamfaa sana, na kwa Kenya ningekushauri uanze na Amateur Radio Society of Kenya, kwani ndicho chama kinachoiwakilisha nchi katika umoja wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa, ilhali leseni yenyewe hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Kazi yao ninayoienzi zaidi ni kituo cha mwongozo 5Z4B, yaani kituo kinachorusha ishara ili wasikilizaji wajue mawimbi yanafika wapi, kimojawapo cha vituo 18 vya mtandao mmoja wa dunia ambavyo hupokezana masafa ya megahezi 14.100, kila kimoja kwa sekunde 10 katika mzunguko wa dakika 3. Kwanza huja jina la kituo kwa alama za Morse, kisha milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1, na wa mwisho kwa wati 0.1 tu, nguvu ndogo kuliko ya balbu ya tochi. Ukiusikia huo wa nne kutoka bara jingine, ujue njia ya mawimbi iko wazi kweli kweli. Kwa zoezi hilo la kusikiliza yatosha redio ya kupokea masafa mafupi pamoja na waya wa mita chache uliofungwa mtini.

Kila Oktoba maskauti duniani nao hukutana redioni. Ukiwa na mtoto skauti, mshirikishe.