Kikubwa ni kisulisuli au uigaji?

Swali: Nasoma uhandisi, na tasnifu yangu inahusu jinsi upepo unavyopita kati ya majengo marefu. Chuo kinataka ikisiri ya Kiswahili. Nimeandika: "Utafiti huu unahusu uchaguzi wa mifano ya msukosuko katika uigizaji mkubwa wa mtiririko." Msimamizi wangu alicheka, hakusema kwa nini. Nimekosea wapi?

Jibu: Nadhani alichekea uigizaji. Kitenzi ni iga. Igiza tumeshawaachia watu wa jukwaani. Kompyuta inayofuatisha mwendo wa upepo inaiga, kwa hiyo kazi yake ni uigaji.

Mifano nayo inapotosha. Anayesoma "mifano ya msukosuko" atangoja umtajie mmoja wa angani na mwingine wa baharini. Unachokusudia ni kanuni za hesabu zinazokisia msukosuko, kwa hiyo andika modeli: modeli hii, modeli hizi. Wapo watakaodai kielelezo, lakini mimi nikisikia kielelezo nakumbuka mahakama.

Msukosuko, yaani turbulence ya Kiingereza, liache lilivyo. Wengine hupendelea mchafuko, kwa kuwa bahari huchafuka. Picha ni nzuri, ila machafuko ya magazetini yameliharibu neno, na "mtiririko mchafu" ni wa mfereji wa maji taka.

Kosa lenyewe hasa liko kwenye mkubwa. Njia unayoitumia Kiingereza huiita large eddy simulation: hupanga maneno matatu, kubwa, kisulisuli, uigaji, bila kiunganishi, kisha msomaji ajijue ukubwa ni wa nini. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo. Lazima uchague mkubwa au vikubwa, na ukishachagua umeshasema jambo la fizikia. Wewe umesema kazi ya kompyuta ni kubwa (ni kweli, muulize anayelipa umeme), na kisulisuli chenyewe umekisahau. Ukubwa ni wake: uigaji wa visulisuli vikubwa. Kisulisuli ni upepo uzungukao, ule uliompandisha Eliya mbinguni katika Biblia yetu. Kimbunga usilitumie, hicho ni dhoruba nzima, tena hupewa jina.

Ukishaandika vikubwa, utaona kwamba "modeli ya msukosuko" imepwaya. Katika njia hii kompyuta hukokotoa visulisuli vikubwa moja kwa moja. Vilivyo vidogo kuliko matundu ya wavu wa hesabu, yaani vijisanduku ambavyo kompyuta huigawa hewa, hupenya kama dagaa kwenye jarife, na modeli hukisia athari ya hivyo vilivyopenya tu. Joseph Smagorinsky, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alipendekeza mwaka 1963 athari hiyo ihesabiwe kama mnato wa ziada, yaani kana kwamba hewa imekuwa nzito zaidi kutiririka. Modeli yake ina namba moja ya kupanga, ambayo kwa kawaida huwekwa kati ya 0.1 na 0.2. Udhaifu wake huonekana ukutani: mnato huo unapaswa kufifia hadi sifuri, nao haufifii mpaka uulazimishe. Mwaka 1991 Massimo Germano na wenzake walionyesha namna ya kuipata namba hiyo kutoka kwenye mtiririko wenyewe, uigaji ukiwa unaendelea. Mwaka 1999 Franck Nicoud na Frédéric Ducros wakatoa modeli ambayo mnato wake hufifia wenyewe karibu na ukuta. Kwako wewe mwenye kuta kila upande, tofauti hiyo inafaa kutajwa hata katika ikisiri.

Hapo jihadhari na mtego mmoja: modeli ya Germano, ambayo Kiingereza huiita dynamic, usiiite "yenye nguvu", kama nilivyowahi kuona. Haina nguvu kuliko nyingine, inajirekebisha. Iite modeli inayojirekebisha.

Basi andika: "Utafiti huu unahusu uchaguzi wa modeli za visulisuli vidogo katika uigaji wa visulisuli vikubwa vya upepo kati ya majengo marefu." Kuhusu wavu na gridi, yote mawili yanakubalika, ila usiyachanganye katika ukurasa mmoja.