Kuhusu ile Probox ya Malindi yenye kutu

Salaam ndugu yangu. Umeuliza kama uichukue Toyota Probox ya 2014 iliyokaa Malindi miaka yote, maana injini ni nzuri ila umeona kutu kidogo chini ya mlango.

Mimi injini ningeiacha mwisho. Anza chini. Gari linalolala karibu na bahari huliwa na upepo wa chumvi, na mara nyingi kutu unayoiona nje imeshatoboa kutoka ndani. Toa zulia la buti, inua gurudumu la akiba, papasa kishimo chake. Langu nililonunua Mambrui lilikuwa linang'aa. Siku ya tatu kidole kikapita bati pale pale, puti, ule udongo wa kuzibia matundu ya bati, ikamong'onyoka mkononi kama kaki. Niliumia sana, akiba ya miaka miwili ilikuwa humo. Chukua sumaku ndogo, ipitishe chini ya milango na juu ya magurudumu. Isiponata, hapo ni puti, si bati. Kisha lipandishwe, fundi agonge chasi kwa nyundo ndogo: palipooza hubonyea.

Kutu ya mlango huchomelewa. Ikiwa ni ya chasi, usinunue hata akupunguzie nusu.

Hela usitoe kabla hujaitafuta namba ya gari kwenye eCitizen, tovuti ya serikali ya Kenya, ukaona jina la mwenye gari. Gia otomatiki sina uzoefu nazo, hapo msikilize fundi. Ukilichukua, lioshe chini kila wiki kwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi, hasa kusi ikivuma.