Yule Anayefungwa Kila Jumamosi

Kwa miaka mingi Jumamosi yetu ilikuwa na sheria moja: mshindi anabaki, aliyefungwa anatoka. Ukumbi wetu wa kuchezea mpira wa video ulikuwa chumba kimoja katika komini (wilaya ya mji) iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, chenye televisheni mbili, benchi la mbao, na yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu) mwenye ukumbi akikusanya faranga zake kwa kila mechi. Tulikuwa marafiki sita tuliojuana tangu shule ya msingi. Mechi ikiisha, mshindi haachii maneti, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe, wala hainuki. Wengine wanahesabu foleni.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wasioinuka, na ndiyo maana nilichelewa kuona. Mwenzetu mmoja alikuwa anafika, analipa mechi moja, anafungwa tano bila, halafu anakaa benchini saa nzima akitutazama. Baadaye akaanza kuchelewa. Baadaye tena akawa na shughuli za nyumbani kila Jumamosi. Siku moja nilimkuta peke yake nyuma ya duka la mjomba wake, anacheza mpira kwenye simu, nikamuuliza mbona siku hizi haonekani. Akaniambia, "Ndugu yangu, mimi ninalipa ili niwatazame ninyi mkicheza."

Alisema hivyo bila hasira, na hapo ndipo kauli yake iliponiuma zaidi. Tangu siku ile nimeshika jambo moja, na ndilo ninalotaka kumpa kila mwenye kundi la marafiki linalozidi kupungua: panga starehe yenu kwa kumtazama aliye nyuma kuliko wote. Kwenye mchezo ni yule anayefungwa. Kwenye matembezi ni yule mwenye mfuko mwepesi.

Nianze na mchezo. Sheria ya mshindi anabaki inamfaa mwenye ukumbi, kwa sababu mechi zinakwenda haraka na foleni inalipa. Kwa marafiki inafanya kinyume cha kinachotakiwa: anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayecheza kidogo zaidi, kwa hiyo habadiliki, na wiki ijayo anafungwa vilevile. Sisi tuliiacha. Sasa tunacheza wawili kwa wawili, jozi tatu. Kila jozi inacheza mechi mbili mfululizo kisha inapumzika moja, iwe imeshinda au imefungwa. Hakuna anayekaa benchini zaidi ya mechi moja, na dakika tunaziweka nne kwa kila kipindi ili mapumziko yasiwe marefu.

Jozi hatupigi kura. Anayejua sana anakaa na anayejua kidogo, na hapa kuna kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mwenye mkono mwepesi hutamani kufanya kila kitu. Anakimbia na mpira kutoka nyuma mpaka golini, na mwenzake anabaki kubonyeza vitufe bila faida, kama abiria. Nilifanya hivyo wiki mbili za kwanza, na mwenzangu katika jozi, yuleyule wa nyuma ya duka, alikuwa amechoka kuliko alipokuwa benchini. Nikajilazimisha: nikiwa na mpira, pasi ya kwanza ni yake. Akiupoteza, sisemi neno, narudi kukaba. Aliupoteza mara nyingi sana. Mwezi wa pili akaanza kuona nafasi ambazo mimi sizioni, maana miaka yote ile ya kukaa benchini alikuwa anasoma michezo yetu. Alijua kila mmoja wetu anapenda kupiga upande gani!

Mkicheza mmoja kwa mmoja, tumieni nyota. FIFA (tunaiita hivyo mpaka leo, ingawa tangu 2023 inatoka kwa jina la EA Sports FC) inazipa timu nyota, kuanzia nusu mpaka tano. Mpe mgeni Real Madrid, wewe chukua timu ya nyota tatu. Mechi itakuwa na jasho kwa wote wawili, na wewe utajifunza kukaba kwa akili badala ya kutegemea mbio za washambuliaji wako.

Pesa zisiingie kabisa. Ninalisema hili kwa ukali kwa sababu nimeona dau la faranga mia tano likivunja undugu wa miaka kumi. Kiasi ni kidogo, lakini aliyefungwa anakwenda nyumbani akiwa na deni kwa rafiki, na deni linaongea usiku. Sisi dau letu ni Kidiaba. Aliyekulia mji huu anakumbuka Desemba 2010: Mazembe, klabu ya hapa kwetu, iliifunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Kwenye fainali Inter ya Italia ilitufunga 3-0, lakini kilichobaki kwa watoto wa mitaani ni kipa Robert Kidiaba akiruka-ruka kwa makalio. Kwetu, anayefunga goli la kwanza la jioni lazima aruke vile kwenye saruji, hata wale wawili wanaoshabikia Lupopo, klabu pinzani ya hapahapa mjini, ambao kuigiza mtu wa Mazembe kwao ni adhabu tosha. Siku mwenzetu alipofunga la kwanza aliruka kutoka kwenye televisheni mpaka mlangoni, na yaya mwenye ukumbi akasimama kumpigia makofi.

Umeme utakatika. Msimu wa mvua unakatika katikati ya penalti. Chomoa mashine ukutani mara moja, kwa maana umeme unaporudi kwa kishindo ndipo unapoua vifaa, na kama mashine ni yako nunua regileta (kifaa cha kutuliza umeme) kabla ya kununua mchezo mpya. Kisha muwe na kitu kingine cha kufanya. Jirani wa ukumbi ni mzee mwenye ubao wa kisolo, mchezo wa bao wa kwetu, na kwa kete zile anatufunga sote sawasawa, mabingwa na wasio mabingwa. Giza lile limetupa jioni nzuri kuliko nyingine nyingi zenye taa.

Sasa matembezi. Hapa kosa letu lilikuwa lilelile, ila kwa mavazi mengine. Wenye kazi walikuwa wanapendekeza mahali, mkahawa wa katikati ya mji, na asiye na kazi anasema tumbo linamuuma. Watu hawasemi "sina". Wanasema tumbo, wanasema mgeni kaja nyumbani. Usimlazimishe akiri, na usijitolee kumlipia mbele za watu kila mara, kwa sababu hilo nalo linachosha.

Tulianzisha likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu. Kiasi cha kuchangia kila wiki kilitajwa kwanza na mwenye kipato kidogo kuliko wote, na wengine tukakubali palepale bila kukipandisha. Kwenye likelemba ya akina mama wa sokoni fungu lote linakwenda kwa mmoja. Yetu ni tofauti kidogo: anayeshika zamu anapewa mamlaka ya kuchagua tunakokwenda wote, na matumizi yasizidi kilichomo. Ndivyo tulivyorudi bustani ya wanyama ambayo hatukuikanyaga tangu utoto. Ndivyo tulivyoketi jioni moja ya Juni, na ile baridi yetu ya kiangazi, tukizunguka mbabula (jiko la makaa) wa michopo, nyama ya kuchoma, tukinywa munkoyo, kinywaji chetu cha kienyeji, na hakuna aliyehesabu vipande. Siku ya pambano la Mazembe na Lupopo fungu linanunua tiketi sita, tunapanda teksi-bisi moja kwenda uwanja wa Kamalondo, tunaachana mlangoni kila mtu na upande wake, na kurudi tunarudi pamoja hata kama wengine hawasemi.

Mkianza jambo kama hili, daftari lishikwe na mtu mmoja na lisomwe kwa sauti kila mwezi. Asiyeweza kuchangia wiki fulani aseme kwa mshika daftari peke yake. Zaidi ya hapo msiweke sheria nyingi, mtageuka chama.

Mwezi huu zamu ni ya yule mwenzetu wa nyuma ya duka. Amechagua ziwa Kipopo, siku nzima, na ametuagiza kila mtu aje na ndoano yake. Nilimuuliza kama Jumamosi hiyo tutapitia ukumbini kwanza, mechi mbili tu. Akasema tutapita tukirudi, kama nitakuwa bado na nguvu, maana siku hizi jozi yetu ndiyo inayoongoza na hataki nimwangushe.