Kabla ya kuuliza South C au Lang'ata, uliza kituo chako kimeandikwa wapi

Weka kalamu chini kwanza. Umesema umepata kazi ya rubani msaidizi kwenye Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, kituo cha kazi ni uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi "kama walivyonihakikishia kwa simu", Ijumaa unasaini bondi ya miaka mitatu (ukiondoka mapema unawarudishia gharama za mafunzo), mama ndiye mdhamini, halafu linalokukosesha usingizi ni kama upange nyumba South C au Lang'ata? Na watu hapo juu kwenye mjadala huu wanakujibu habari za maji na foleni! Mimi nilipanga South C mdogo wangu, nyumba safi, karibu na uwanja kiasi cha kusikia injini zikiwashwa. Nikalipa kodi na dipoziti, nikanunua friji. Aliyekula raha na lile friji ni binamu yangu. Mlinzi wa geti alikuwa ananijua kwa jina la kwenye risiti tu.

Mkataba wangu ulikuwa na mstari mmoja ukurasa wa pili: mfanyakazi atapangiwa kituo chochote, ndani au nje ya Kenya, kadiri ya mahitaji ya kampuni. Niliuona. Usidhani sikusoma, nilisoma na nikauliza. Bwana aliyekuwa akituajiri akacheka, akasema hayo ni maneno ya mawakili tu, wewe kituo chako ni Wilson, usijali. Usijali! Mtu akikuambia usijali na yeye ndiye anayeshika karatasi, basi jali mara mbili. Nikampigia mwalimu wangu wa zamani wa urubani, naye akanipa hekima yake: "Saini, nyuma yako kuna foleni." Foleni ilikuwepo, sikatai. Una leseni ya urubani wa kibiashara na saa mia mbili na kitu za kuruka, na kila tangazo la kazi linataka zaidi ya hizo. Lakini mwalimu hakuwa na mjomba ndani ya ile bondi. Mimi nilikuwa naye.

Mjomba ndiye alikuwa mdhamini wangu, na hati ya shamba lake ilikuwa imeambatanishwa. Hapo ndipo penyewe, soma polepole. Kampuni ilinipeleka mafunzo ya ndege, ikaandika gharama kwa dola, na nikaahidi kuzirudisha nikiondoka kabla ya miaka mitatu. Hadi hapo ni haki, mtu hawezi kukusomesha leo kesho ukahamia kwa jirani. Sasa uzuri wake: deni lile lilikuwa halipungui. Ukiondoka mwezi wa pili au mwezi wa thelathini na tano, unadaiwa lote. Na mwezi wowote uliokaa bila kupangwa kazini haukuhesabiwa, kwa hiyo miaka mitatu yao haikuwa miaka mitatu ya kalenda. Muhimu zaidi, hakuna popote palipoandikwa kwamba wao wakibadilisha masharti, bondi inakufa. Mimi nilifungwa kwao na wao hawakufungwa kwa lolote.

Sikumaliza hata msimu mmoja wa watalii. Nikaambiwa niende Sudan Kusini "kwa muda", ndege za misaada. Muda gani? Muda. Posho ya kuishi nje? Itajadiliwa. Ilijadiliwa, labda, sijui na nani.

Na Wilson yenyewe si lelemama, usije ukasema nakudanganya. Unafika alfajiri kungali giza, unapakia mizigo ya watalii kwa mikono yako (kilo 15 kwa kichwa, na kila mtu ana begi analodai mzani unalionea), unafuta kioo, unahesabu vichwa, halafu viwanja vidogo vya Maasai Mara: Keekorok, Ol Kiombo, Musiara, Kichwa Tembo, shuka panda shuka panda kama utingo wa matatu mwenye epoleti, zile alama za rubani mabegani. Lakini kila kutua kunaingia kwenye daftari lako la saa za kuruka na usiku unalala kwako.

Kule nilikopelekwa, mvua zikianza kwenye mwezi wa tano, viwanja vya udongo mweusi vinageuka uji. Asubuhi tunaita kwa redio, na kijana wa pale anatembea katikati ya kiwanja miguu mitupu. Tope likimpita kifundo cha mguu, safari imekwisha, tunarudi kwenye mahema kunywa chai ya maziwa ya unga. Kesho yake vilevile. Mshahara wangu ulikuwa na sehemu ndogo ya kudumu na sehemu ya kila saa unayoruka, kwa hiyo tope la mtu mwingine lilikuwa linakula kodi yangu ya South C. Na saa zenyewe je? Leseni ya juu, ile ya kukupeleka kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, kwenye ndege kubwa ya abiria, inataka saa 1,500. Daftari langu lilikaa ukurasa uleule hadi nikaanza kuandika madeni nyuma yake.

Huku nikiwa huko kwenye mahema, simu ikaingia. Kampuni nyingine ya hapa Nairobi, Dash 8, ndege ya abiria ya injini mbili, marubani wawili, vyoo ndani ya ndege, maisha. Walitaka mtu wa kuanza mwezi unaofuata. Nikapiga hesabu ya bondi. Ningeondoka, wangemfuata mjomba na hati yake, na mjomba amezaa watoto wanaolima lile shamba. Nikasema hapana. Kiti kikaenda kwa mwanafunzi mwenzangu tuliyeanza naye kuruka, na sasa ni kapteni. Tukikutana ananiita "mzee wa Sudan" na mimi nacheka sana, nacheka kuliko anavyocheka yeye. Kwenye mashirika yanayofuata orodha ya ukubwa kazini, tarehe uliyoingia ndiyo inayoamua nani anapanda kwanza na nani anachagua ndege. Tarehe hiyo hainunuliki baadaye. Pesa za bondi nimeshazisahau. Ile tarehe bado inaniuma.

Kuna aliyekujibu hapo juu kwamba kituo si hoja, "hata Wamarekani wanaishi mji mmoja na kufanya kazi kutoka mwingine". Kweli wanafanya hivyo. Kule rubani mpya anaomba kituo, anapewa kilichobaki baada ya wakubwa kuchagua, kisha anasafiri kama abiria kwenda kuanza zamu. Ila basi angemalizia hadithi. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air namba 3407 kutoka Newark ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa. Rubani msaidizi alikuwa akiishi karibu na Seattle na kituo chake kilikuwa Newark, ng'ambo ya pili ya nchi. Alikuwa amesafiri usiku kucha kufika kazini. Wachunguzi walilaumu jinsi kapteni alivyoishughulikia ndege, na uchovu wa wote wawili wakautaja pia. Ajali hiyo ndiyo iliyofanya Marekani iweke sheria ya saa 1,500 hata kwa rubani msaidizi, ikaanza 2013. Kwa hiyo usiniambie kituo ni habari ya nyumba na foleni. Na wale angalau wana orodha ya kuombea. Kwenye kampuni nyingi ndogo za Wilson orodha ni kichwa cha bosi na alivyoamka siku hiyo.

Sasa silaha unayo, na ni hii ambayo mimi niliambiwa na wakili nikiwa nimeshachelewa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10. Mwajiri anatakiwa akuandikie mahali pa kazi. Kama utafanya kazi nje ya Kenya kwa zaidi ya mwezi mmoja, anatakiwa aandike ni kwa kipindi gani, utalipwa kwa sarafu gani, nyongeza na marupurupu ni yapi, na masharti ya kurudi nyumbani. Akitaka kubadilisha mambo hayo, ashauriane nawe kisha akupe kwa maandishi. Si fadhili, si bosi mzuri, ni sheria. Ukiitaja kwa upole utaona mtu anavyokaa vizuri kwenye kiti.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa waandikie barua pepe, si simu, SI SIMU, uombe mstari uingie kwenye karatasi ya bondi yenyewe, siyo kwenye barua ya ajira pembeni: kituo ni Wilson, na wakikuhamisha zaidi ya mwezi mmoja bila wewe kukubali kwa maandishi, bondi inafutwa na mdhamini anaachiliwa. Omba pia deni lipungue kila mwezi, na miezi ihesabiwe kwa kalenda hata kama ndege imeegeshwa. Hilo la pili wanaweza kukataa mkajadiliana. La kwanza usilegeze, hata wakikuletea yule bwana mcheshi wa maneno ya mawakili. Wengine watakuambia utaonekana msumbufu kabla hujaanza. Mimi sikuwa msumbufu hata kidogo, nilikuwa mtoto mzuri sana, na zawadi yangu ilikuwa hema.

Wakikubali, saini na nitakuja Wilson kukununulia chai. Wakisema "hatuwezi kuandika hivyo", waulize kwa nini kitu walichokuhakikishia kwa simu hakiwezi kukaa kwenye karatasi, halafu nyamaza, waache wao ndio wajaze kimya.

Na mpigie mama leo jioni, umwambie asiende kwa wakili kesho. Fomu ya mdhamini iwe ya mwisho kabisa kusainiwa, baada ya yako, na baada ya mtu mwingine asiyependa ndege kuisoma.