Babu hakutoa bingwa hata mmoja. Niandike nini?

*Shikamoo Mama. Babu yangu mzaa baba alifariki mwaka jana akiwa na miaka 87. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kocha wa riadha kwa miaka 34 huku kwetu Mbulu. Siku ya mazishi ilisomwa historia ya marehemu, ukurasa mmoja: alizaliwa, alisoma, alihamishwa, alistaafu. Sasa tuna misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, na ukoo umenipa kazi ya kuandika kijitabu. Nimekwama mahali pawili. Hakuna mwanafunzi wake aliyefika Olimpiki, kwa hiyo sioni la kujivunia. Halafu alikuwa mkali, fimbo haikumtoka mkononi, na baba mdogo amenikataza kuligusa hilo. Nifanyeje? Mjukuu, Mbulu.*

Marahaba mwanangu, na poleni tena. Mwaka ni mfupi kwa nyumba iliyoondokewa na mzee.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu na mimi nilikimbia peku chini ya mwalimu wa namna hiyo, Singida. Februari 1974 nilikuwa darasa la tano. Asubuhi moja alitusimamisha mstarini akatuambia kwamba Filbert Bayi, kijana wa Karatu, amekimbia mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na kwamba hakuna binadamu aliyewahi kuufikia muda huo. Akachukua kijiti, akachora uwanja kwenye vumbi. Wakimbiaji wengi, alisema, hujibanza nyuma ya mwenzao wakachomoka mwishoni. Bayi alitangulia tangu mwanzo, akawaacha wamfukuze hadi kwenye utepe. John Walker aliyemfuata aliivunja rekodi ya zamani na bado akawa wa pili. Wiki nzima sisi watoto tulitaka kutangulia. Tuliishiwa pumzi kabla ya kumaliza mzunguko mmoja, na mwalimu alitungoja palepale kwenye mstari na saa yake, akaandika muda wa kila mmoja hadi wa mwisho.

Mimi nilikuwa wa nne wilayani, wakachukuliwa watatu. Kwa hiyo katika hesabu yako, mwalimu wangu naye hakupata kitu. Lakini nimezidi miaka 60 na bado naamka saa kumi na moja alfajiri, na ni yeye aliyeniamsha. Nawe unaandika kutoka Mbulu, kwao John Stephen Akhwari, aliyeanguka akaumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na kumaliza zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Watu wa kwenu wanamjua. Ni wangapi kati yao wanaolikumbuka jina la mshindi?

Basi anza na masanduku yake. Kocha aliyekaa kazini miaka 34 huwa na kaunta buku ya muda na majina. Ukiipata, tafuta wenye majina hayo, hasa waliokuwa wa tano na wa sita. Usiwaulize babu alikuwa mtu wa namna gani, watakujibu kwamba alikuwa mtu mwema, na utakuwa umerudi kwenye ukurasa ule wa mazishini. Waulize mazoezi yalianza saa ngapi, nani alibeba maji, alikuwa akipaza sauti gani mtu akianza kulegea. Kama alipaza kwa Kiiraqw, yaandike maneno hayo kwa Kiiraqw kwanza, Kiswahili kifuate.

Waulize wanawake jambo moja zaidi: nani aliwaombea ruhusa nyumbani? Mwalimu wangu alikuja kwa baba mara mbili ili niende kwenye mashindano ya wilaya. Mara ya kwanza alikataliwa. Mara ya pili alikuja na mkewe, akamwambia baba kwamba nitalala chumba kimoja na mama huyu. Safari hiyo haipo kwenye faili lolote la serikali.

Na neno “alihamishwa” lifungue. Alihama na nini, bibi akiwa na watoto wangapi? Alikuwa shule ipi Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977? Madarasa yalifurika nchi nzima. Walikaa wapi kwake, na chaki ilitosha? Bibi akiwa hai, nenda kwake kabla ya wengine wote, jioni, kazi za jikoni zikiisha.

Sasa fimbo. Baba mdogo ana sababu: anaogopa baba yake ahukumiwe na watu ambao hawakumjua. Lakini watakaokuwa kanisani siku hiyo, wengi walichapwa na babu. Wakiona hakuna fimbo kijitabuni, hawatayaamini na yale mengine. Mimi nilichapwa kwa kuchelewa siku niliyotoka kisimani, na mwalimu hakuuliza nimetoka wapi. Iliniuma, inaniuma hata sasa, na nilimlilia alipokufa kama nilivyomlilia baba. Andika hivyohivyo: mara moja, kwa kinywa cha mtu aliyechapwa, kwa ridhaa yake. Wala usimwongezee “lakini ilitusaidia” kama hakulisema mwenyewe.

Ukurasa huo mpelekee baba mdogo kabla haujaenda kwa mchapaji, mkae wawili. Yeye alikuwa mtoto wa mwalimu mkali, nyumbani na darasani. Huenda ana lake ambalo hajawahi kuulizwa.