Zima sauti, tazama mikono yake

Huu ni msimu wa tatu nalima mboga nyuma ya nyumba, hapa Magomeni, Mtwara mjini. Walimu wangu ni wawili: Mwingereza mmoja wa kwenye runinga, na mama mkwe wangu ambaye Kiingereza hakijui hata cha salamu. Aliyemwelewa yule Mwingereza ni mama mkwe. Mimi niliyekuwa naandika kwenye daftari niliambulia hasara.

Kijana wangu aliniletea flashi yenye vipande vya Gardeners' World, kipindi cha BBC kilichoanza mwaka 1968. Mtangazaji wake, Monty Don, anafanyia kazi kwenye bustani yake mwenyewe, mbwa wake wakimfuata kila anakokwenda. Nikanogewa. Kwa wakulima wa kule, ukuta unaotazama kusini ni dhahabu, maana ndio unaopigwa na jua, na nyanya hupenda kukaa hapo. Na mimi nikatii. Mwezi wa sita, mvua zimeshakwisha, nikapanda miche kumi na minane ya nyanya chini ya ukuta wangu wa kusini.

Ikarefuka, ikapauka, ikalala chini. Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Newala kuja kutibiwa mguu. Akasimama mlango wa uani na fimbo yake, akaitazama ile miche weee, kisha akauliza, "Mwanangu, hapa unalima nyanya au uyoga?"

Uingereza iko mbali kaskazini, kwa hiyo adhuhuri jua lao liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua letu linapita kaskazini, na ukuta wa kusini unashinda kivulini kutwa. Nilifundishwa haya shule ya msingi, nikayaacha hukohuko. Basi kama na wewe unatazama vipindi hivi, kalenda na dira yao waachie wenyewe. Nyanya hapa zinapendeza kipupwe, kuanzia mwezi wa sita, lakini ziwe mahali jua linapofika. Ukizipanda Machi kwa sababu wao ndio wanaanza kusia, mvua zetu na ukungu zitakumalizia shamba.

Jioni watoto wanasoma, kwa hiyo runinga huwa tunaizima sauti. Mimi bila sauti naona maua tu. Mama mkwe alikuwa anaona kazi.

"Huyu mzee majani hachomi," alisema siku ya kwanza.

Kweli. Yule bwana anayakokota majani makavu na kuyarundika yaoze yenyewe, yawe udongo. Sisi je? Kila asubuhi tunafagia uwanja mpaka unang'aa, tunasogeza majani ya mwembe pembeni, tunawasha kiberiti. Nimefanya hivyo miaka kumi na mbili, kisha naenda kununua samadi! Tukaacha siku hiyohiyo. Majani ya mkorosho na mwembe ni magumu, hayaozi upesi, kwa hiyo mengi nayatandaza juu ya udongo kama matandazo. Mchanga wetu huu wa Mtwara unakunywa maji kama kichujio, na tangu nianze kutandaza, nilipokuwa namwagilia kila jioni sasa namwagilia siku moja naruka moja.

Yaliyobaki yanakwenda kwenye mboji pamoja na maganda ya ndizi, majivu kidogo na samadi ya kuku wa jirani. Hapo nikajitia ujuaji. Msimu wa korosho ulipofika nikaomba mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyokwisha kung'olewa korosho zake, ndoo sita, nikayamwaga yote kwenye shimo. Siku ya tatu mtaa mzima ukanuka uraka, ile pombe ya mabibo. Nzi sikwambii. Jirani mmoja alipita akanusa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninauza kwa glasi au kwa chupa. Mabibo yanafaa sana, ila uyaweke kidogo kidogo, kila tabaka ulifunike kwa majani makavu mengi na udongo, na majivu juu yake kupunguza ukali.

Kwenye maji ndipo mama alipompita mwalimu. Kule runingani alikuwa ameona pipa chini ya gata, akalipenda, na sisi tukaweka letu. Lakini alipoona vile vitanda vyao vya mboga vilivyoinuliwa kwa mbao, akatikisa kichwa. "Hao wanayakimbia maji. Sisi tunayatafuta." Mtu aliyekulia Newala, juu kule uwandani ambako maji yamekuwa adha tangu enzi, humwambii kitu juu ya ndoo moja. Akanichimbisha tuta la kuzama: chini kidogo kuliko uwanja, kingo zake zimenyanyuliwa kama sahani, chini yake kumetandikwa makumbi ya nazi ili yashike unyevu. Maji ya kuoshea mchele yanaingia humo. Ya kuoshea samaki pia, ila hayo mimina kisha ufukie, la sivyo paka watakufukulia mchicha wote. Masika tuta la kuzama linageuka kidimbwi, hapo ndipo unapoinua.

Vyombo vya kupandia usinunue. Wao wanatumia viboksi vya karatasi. Sisi tuna vifuu. Chukua kile kipande chenye macho, toboa jicho laini kwa msumari, tayari una chungu cha mche chenye tundu la kutolea maji. Kwa matembele na bamia natumia viroba na ndoo zilizopasuka. Jambo moja tu sina mzaha nalo: viroba vya salfa na makopo ya dawa za mikorosho, ambavyo msimu ukiisha vinazagaa kila mahali, usipandie chakula hata ukivisugua mara saba.

Mbegu, kwa kifupi. Nyanya aina ya Tanya na Tengeru 97 unaweza kukamua mbegu zake, ukaziloweka siku mbili tatu mpaka ule utelezi uachie, ukaosha na kuanika kivulini. Za chotara usijisumbue, zitakuotea mchanganyiko usioujua. Matembele omba vikonyo kwa jirani. Mbaazi mama anazichanganya na majivu na kuzitundika juu ya moshi wa jikoni, na alipoona watu wa runingani wanaandika majina kwenye bahasha ndogondogo za mbegu alicheka mpaka akashika mguu wake mbovu.

Amesharudi Newala. Wiki iliyopita alipiga simu, akauliza hali ya wajukuu, kisha akauliza kama yule mzee wa mbwa bado anakokota majani. Nikamwambia bado. Na mimi ninayo viroba vinne, yanasubiri mabibo.